Miaka Ishirini ya Kucheza Ugenini

Tarehe 2 Oktoba 2005 watu 103,467 walijaa Uwanja wa Azteca, Mexico City, kuwaona Arizona Cardinals wakiwachapa San Francisco 49ers 31-14. Timu zenyewe zilikuwa mbovu. Katika mechi 16 za msimu ule Cardinals waliambulia ushindi mara 5 na 49ers mara 4. Hata hivyo, tangu NFL, ligi kuu ya mpira wa Marekani, ianzishwe mwaka 1920, ilikuwa haijapata kuonekana mechi ya msimu iliyoingiza watu wengi kiasi kile, na ilikuwa mara ya kwanza mechi yenye kuhesabiwa kwenye msimamo kuchezwa nje ya mipaka ya Marekani. Oktoba 2025 desturi hiyo ilitimiza miaka 20. Sisi wa Kwihara tunadai haki ya kupiga vigelegele.

Haki hiyo tumeipata wapi? Hapa, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Aliyekuja naye kutoka Ujiji ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye mwaka uliotangulia aliingia hapa Unyanyembe na msafara uliobeba bendera ya Marekani. Bendera hiyo ilikuta bidhaa ya kwao imeshatangulia. Marikani, kitambaa kile kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilitoka viwanda vya Massachusetts, kikashushwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, halafu kikapanda bara mabegani mwa Wanyamwezi. Ndicho kilicholipa hongo kwa watemi na posho kwa wapagazi, na pembe zilinunuliwa kwacho. Wengine waliingiza vitambaa vya kuiga, lakini mnunuzi wa bara alikuwa na vidole: alipapasa, akakunja uso, akadai marikani.

NFL ilichukua miaka mingi kuelewa kwamba watu wa ng'ambo wana vidole vya namna hiyo. Mwaka 1986 iliwapeleka Chicago Bears na Dallas Cowboys Wembley, London, kwa mechi ya maandalizi. Bears walishinda 17-6 na hakuna aliyelala na njaa kwa sababu ya matokeo hayo. Mechi za maandalizi ziliendelea kuzungushwa huku na huko kwa karibu miaka 20, nyota wakicheza kidogo kisha wakivaa kofia na kukaa pembeni. Mwaka 1991 ligi ikaanzisha mashindano yenye timu za Ulaya. Si kwamba hayakuzaa kitu: Kurt Warner alipitia Amsterdam Admirals mwaka 1998 kabla ya kuwa bingwa kwao, na Frankfurt walikuwa na mashabiki wa kufa na kupona. Ila kila mtu alijua kwamba wanaoletwa ni wachezaji wa akiba. Juni 2007 mashindano yalifungwa yakiwa na timu sita, tano kati ya hizo za Ujerumani.

Miezi minne baadaye, tarehe 28 Oktoba 2007, New York Giants na Miami Dolphins walicheza Wembley mechi ya msimu, ya kwanza kuchezwa Ulaya. Mvua ilinyesha, nyasi zikang'oka, mchezo ukawa wa matope na Giants wakashinda 13-10. Kama mechi, ilikuwa ya hovyo. Mwezi uliofuata Uingereza ilifungwa na Croatia 3-2 kwenye uwanja huohuo ikakosa Euro 2008, na wapo Waingereza waliolisukumia lawama dimba lililochakaa, kana kwamba Wacroatia walikuwa wanacheza kwenye dimba jingine. Lakini watu zaidi ya 81,000 walikuwa wameketi kwenye mvua kwa sababu walijua ushindi ule unaandikwa. Giants walimaliza msimu huo wakiwa mabingwa.

Katika kikosi cha Giants mwaka huo alikuwemo kijana anayetuhusu Afrika Mashariki: Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Indianapolis, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Wiki chache baada ya London alivunjika mguu, lakini alirudi na akacheza fainali waliyoshinda mwanzoni mwa 2012. Baada yake akaja Daniel Adongo wa Nairobi, mchezaji wa raga, ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mpira wa Marekani hata mara moja, na Desemba ya mwaka uleule akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa asiyeujua mchezo: timu ya watu 11 hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa hupewa mengine manne, ikishindwa wapinzani wanachukua. Ni kugombea ardhi kipande kwa kipande, na mtu wa hapa aliyesimuliwa jinsi Mtemi Mirambo alivyoifunga njia ya Ujiji hatauona mgeni sana.

Kinachotufanya tuisifu desturi hii ni gharama yake kwa wenyewe. Timu ya NFL leo ina mechi 17 tu kwa msimu, nane au tisa nyumbani. Kuitoa moja kwenda ng'ambo si jambo la kuchekea. Mashabiki wa Simba wanalijua hilo: Mei 2025 fainali yao ya pili ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ilihamishwa kutoka Dar es Salaam hadi Amaan, Zanzibar, ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco, na mjadala wa uwanja bado haujapoa vijiweni. Watu wa Jacksonville wamekuwa wakiitoa mechi moja kwa London karibu kila mwaka tangu 2013. Oktoba 2025 Jaguars wao walikuwa wenyeji Wembley, wakafungwa na Rams 35-7. Kuwa mwenyeji kwenye mji wa watu na bado kupigwa hivyo kunahitaji moyo.

Mechi halisi peke yake haitoshi, na Toronto ni shahidi. Kuanzia 2008 hadi 2013 Buffalo Bills walipeleka huko mechi moja ya msimu kila mwaka, tiketi zikiwa ghali na timu ikifungwa karibu kila mara, mpaka mpango ukafa wenyewe. Kwingine miji ilipokea. Munich walianza 2022, São Paulo 2024. Msimu wa 2025 zilichezwa mechi saba katika nchi tano: Brazil, Ireland, Uingereza, Ujerumani na Hispania, na zile za Berlin na Madrid zilikwenda hadi muda wa nyongeza. Melbourne imo kwenye orodha ya 2026.

Kwetu faida imekuja kwa njia ya saa. Fainali kuu ya ligi huchezwa saa nane na nusu usiku wa Afrika Mashariki, wakati wa mlinzi na mama mwenye mtoto mchanga. Mechi ya London huanza Jumapili saa kumi na nusu alasiri, saa ya mpira kwa kila Mtanzania. Tusijidanganye: Jumapili hiyo kwenye vibanda umiza kinachotazamwa ni Arsenal na Manchester, na akiomba mtu abadilishiwe chaneli atatolewa nje. Ila mwenye simu na hamu hahitaji tena kukesha.

Sasa lawama, maana tahariri isiyo na lawama ni tangazo. Hadi leo hakuna mechi hata moja ya msimu iliyochezwa katika bara la Afrika. Tulicholetewa ni kambi za kusaka vipaji, kuanzia Ghana mwaka 2022, zikiongozwa na Osi Umenyiora, aliyekuwa mwenzake Kiwanuka pale Giants. Nia ni njema na baadhi ya vijana wamefungua maisha. Hata hivyo, kutoka hapa tulipo, njia inayobeba vijana wenye nguvu kuelekea baharini na kuturudishia kofia na fulana inatutia wasiwasi. Tumewahi kuwa kituo cha njia ya namna hiyo. Vijana hao waambiwe pia habari za vichwa: mwaka 2013 ligi ilikubali kulipa dola milioni 765 kwa wastaafu walioishtaki kwa sababu ya madhara ya kugongwa kichwani.

Kwa shule zetu ungefaa zaidi mchezo wa vibendera, ambao haugonganishi watu: watano kwa watano, na mwenye mpira husimamishwa kwa kunyofolewa kibendera kiunoni. Hauhitaji helmeti wala mavazi ya kinga, na utachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Chama chochote cha michezo mkoani kikitaka kuanza, viwanja vya vumbi vya Tabora vinatosha kabisa.

Na mechi yenyewe ije. Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027, kwa hiyo viwanja vitakuwa vimekwisha kukaguliwa na wageni. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 sawa na Wembley mpya, unachukua watu 60,000. Wahandisi wa NFL wapime nyasi nyuma ya magoli, kwa sababu uwanja wao una urefu wa yadi 120, karibu mita 110, na wetu wa soka ni mita 105. Mwezi uwe Septemba, kabla ya mvua za vuli. Yaliyowapata Wembley yanatosha.