Jina Lililofichwa Ndani ya Mpini

Mwaka 1876 Serikali ya Japani ilipiga marufuku kutembea na upanga kiunoni, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wakubwa wenye mavazi rasmi. Tangu hapo upanga ukawa alama ya ofisa. Vijana wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 katika King's African Rifles walikutana na maofisa wa namna hiyo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, panga nyingi zilichukuliwa na washindi, zikaishia masandukuni huko Ulaya na Marekani. Mzee akifariki, watoto hubaki wakiulizana: je, ni chuma cha kiwandani au ni kazi ya mhunzi mkubwa?

Jibu hutafutwa chini ya mpini. Kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini kikisukumwa nje, hufunuliwa shina la upanga, nalo mara nyingi limechongwa maandishi kwa patasi. Husomwa kutoka juu kwenda chini, ncha ya upanga ikielekea juu: kwanza jimbo, kisha kijiji, mwisho jina. Upande wa pili huenda pakawa na tarehe, ambayo huhesabiwa kwa majina ya enzi. Mwaka wa 5 wa enzi ya Eisho, kwa mfano, ni mwaka 1508.

Lakini kusoma jina si kumjua mtu. Katika kijiji cha Osafune, jimbo la Bizen, wahunzi wengi mno wa karne ya 16 walitumia jina moja la Sukesada. Panga zilizofuliwa kwa haraka kwa ajili ya askari wa kawaida zilitiwa jina hilo fupi tu. Ile iliyoagizwa na mtu maalumu iliongezewa jina binafsi la mhunzi, kama Yosozaemon no jo. Maneno hayo machache hutenganisha upanga wa kawaida na hazina.

Tena kuna udanganyifu, nao ni wa zamani sana. Nagasone Kotetsu, mfua deraya aliyegeuka mfua panga mjini Edo katika karne ya 17, alipata sifa kubwa hata jina lake likaghushiwa kupita kiasi. Kondo Isami, kamanda wa kikosi cha Shinsengumi, alijivunia Kotetsu wake. Wengi wanashuku kuwa haukuwa wa kweli. Kwa upande mwingine, Masamune, aliye mashuhuri kuliko wote, hakuandika jina lake ila kwa nadra.

Kwa hiyo wajuzi huutazama mwili wa upanga kwanza, yaani umbo lake, chembechembe za chuma na mstari mweupe wa makali, ndipo huligeukia jina. Mikwaruzo ya patasi hulinganishwa na nakala za sahihi zilizo halali. Kutu nyeusi ya shina nayo ni shahidi wa umri. Mwenye nyumba apendaye usafi, akiisugua kwa msasa hata ing'ae, amemfukuza shahidi huyo, wala hakuna fundi wa kumrudisha.

Mjini Tokyo kipo chama cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1948, ambacho hutoa hati baada ya uchunguzi. Upanga wenye jina la uongo hunyimwa hati, hata ukiwa mzuri. Ndiyo maana wako wenye panga wanaomwita fundi alifute jina hilo kwa tupa, kisha wakaupeleka tena ukiwa hauna jina lolote.