Wanaosaka Visu na Kuwasahau Wahunzi

Imezuka miongoni mwetu, hasa mijini, tabia ya kusaka visu vya zamani. Mtu husafiri hadi Upareni au Uchagani, akauliza nyumba kwa nyumba kama babu aliacha kisu kilichofuliwa na mhunzi fulani aliyekwisha fariki. Akikipata hukinunua kwa bei yoyote, akakipaka mafuta, akakitundika ukutani sebuleni. Wageni wakija huambiwa kwamba hicho ni kisu cha asili, kwamba vilivyobaki ni vichache, kwamba hakifuliwi tena. Mwenye kisu hujiona ameuokoa utamaduni wa taifa. Sisi twasema hakuokoa kitu. Amehamisha chuma kutoka nyumba ya kijijini hadi nyumba ya mjini, na njiani amepita mlangoni pa mhunzi aliye hai bila hata kumwamkia.

Hatuwalaumu watu hawa kwa kupenda vitu vya kale. Makumbusho nayo hukusanya, na hufanya vema. Lawama yetu ni juu ya yale maneno mawili wanayoyatamka kwa fahari: hakifuliwi tena. Kwao maneno hayo hupandisha thamani. Kwetu ni taarifa ya msiba, na mwenye kupokea taarifa ya msiba huuliza marehemu aliugua nini.

Liko jibu jepesi ambalo hata baadhi ya walimu hulikariri darasani: kwamba chuma chetu kilikuwa duni, kikashindwa na chuma bora cha Wazungu. Jibu hilo halitoshi. Mabaki ya uyeyushaji wa chuma yaliyofukuliwa Katuruka, huko Buhaya, yana umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wafipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yanayompita mtu kimo, ambayo hayakuhitaji mivukuto kwa kuwa hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika kitanuri kidogo kiitwacho kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Majembe ya Wasumbwa yaliuzwa Unyamwezi kote, na katika sehemu nyingi za nchi jembe lilikuwa mali ya kuolea. Je, watu wangetoa mahari kwa kitu duni?

Kilichowashinda wayeyushaji ni hesabu ya siku na mikono. Kuyeyusha chuma ni kazi ya kiangazi, kazi ya kundi zima: kuchimba mawe ya chuma, kukata miti, kuchoma makaa, kujenga tanuri, kukesha nalo. Serikali ya Wajerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, vijana ambao wangekuwa kwenye tanuri walilazimika kutafuta fedha mashambani mwa walowezi. Wakati huohuo majembe ya viwandani yalifika kwa meli. Hata chini ya Waingereza, jembe lenye chapa ya mamba kutoka kiwanda cha Chillington, Wolverhampton, lilijulikana kuliko jina la mhunzi wa kijiji cha jirani. Bei ndiyo iliyoamua. Ubora haukuulizwa.

Lakini hapa ndipo wasakaji wetu wanapokosea kabisa, maana wanachanganya mambo mawili. Kilichokufa ni uyeyushaji, si uhunzi. Mhunzi alipokosa chuma cha tanuri aliokota reli iliyovunjika, tupa iliyokwisha meno, springi ya lori bovu, akaendelea kufua. Huko Mamba, karibu na Marangu, mkoani Kilimanjaro, wahunzi wa Kichaga wangali wanafua mikuki, simi na visu, na Wamaasai ni wateja wao tangu zamani. Mivukuto inavuma, nyundo inalia. Msakaji hupita hapo, hutupia jicho, husema, "Hiki si cha asili, kimetokana na springi ya gari," kisha huyo anakwenda zake kumtafuta marehemu.

Dharau hii haina msingi hata kwa upande wa sayansi, na wanafunzi wanaosoma kemia wataielewa hoja yetu upesi. Chuma cha tanuri la udongo aghalabu hakikuwa sawasawa kila mahali. Sehemu hii ngumu, sehemu ile laini, na mavi ya chuma yamejificha ndani. Ustadi wa mhunzi ulikuwa kuyakamua mavi hayo kwa nyundo na kuichagua sehemu ngumu iwe makali. Springi ya lori, kinyume chake, ni feleji yenye kaboni inayokaribia asilimia 0.6, iliyo sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mhunzi huikata, huipasha moto hadi iwe nyekundu, huifua, huizamisha ili iwe ngumu, kisha huirudishia joto kidogo isije ikavunjika kama kigae. Anayejua kusoma rangi ya chuma motoni, bila kipimajoto, ndiye mrithi wa wazee wale, chuma kiwe kimetoka mlimani au gereji. Isitoshe, kisu chake hukata. Waliosema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakuuliza kisu kilitokana na nini.

Tena hatuwezi kumtwisha mkoloni mzigo wote. Dharau kwa mhunzi ilikuwako hata kabla yake. Katika falme za Maziwa Makuu nyundo ya mhunzi ilihesabiwa miongoni mwa alama za ufalme, lakini kwingineko mambo yalikuwa kinyume. Wamaasai waliutegemea mkuki na simi, ilhali ukoo wa wahunzi wao, Ilkunono, ulitengwa hata katika kuoana. Kwingine mhunzi aliogopwa kwa kiapo cha nyundo yake, na mtu anayeogopwa hatembelewi sana. Leo twasema tumeyaacha hayo. Lakini mzazi wa mjini akiambiwa kwamba mwanawe ataka kuwa mhunzi, uso wake hueleza yote.

Mfano wa nchi nyingine utatufaa, kwani ugonjwa huu si wetu peke yetu. Katika mji wa Miki, huko Ujapani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa karakana ndogo walitengeneza kisu cha mfukoni cha kukunja kiitwacho Higonokami. (Chetu hakikunjwi, hukaa alani, kiunoni.) Watoto wa shule walikichukua mifukoni kuchongea penseli. Oktoba 1960 kijana wa miaka 17 alimwua hadharani kiongozi wa Chama cha Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, kwa upanga mfupi, na baada ya hapo ikaenea kampeni ya kuwakataza watoto kubeba visu. Vichongeo vya penseli vikachukua nafasi, na karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Leo imebaki moja tu yenye haki ya kulitumia jina hilo. Wako wanaosaka Higonokami za karakana zilizofungwa, kama ilivyo huku kwetu. Hata hivyo karakana iliyobaki haiishi kwa sababu ya hao. Inaishi kwa sababu wako pia watu wanaoagiza kisu kipya, wakakilipia, wakakitumia. Fedha ya kisu cha zamani humwendea mwenye duka au mrithi. Haimfikii aliyeshika nyundo.

Wala maarifa ya mkono hayasomwi kutoka kwenye kisu kilichotundikwa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, kwa ombi la mtafiti Peter Schmidt, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma baada ya kuiacha kazi hiyo kwa miongo mingi. Iliwabidi kujaribu na kukumbushana, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1978 wataalamu wa madini ulimwenguni walistaajabu. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu moja: wazee walikuwa hai. Wangechelewa kuulizwa miaka 20 tu, vyuma vyote vya Buhaya vilivyomo makabatini visingeweza kutamka neno.

Kwa hiyo twawaambia walimu wa sekondari, ambao wanafunzi wao wengi walichonga penseli kwa wembe na hawajapata kushika kisu kilichofuliwa nchini mwao: mtafuteni mhunzi aliye karibu na shule yenu. Wapelekeni wanafunzi wakaone mivukuto, fuawe na koleo, wajifunze majina yake kwa lugha ya mahali hapo na kwa Kiswahili, wamwulize chuma chake hutoka wapi. Kisha agizeni kisu kwa ajili ya jiko la shule. Bei yake huenda ikazidi ya kile cha dukani kilichotoka ng'ambo. Ilipeni bila kupunja. Mwulizeni pia kama anaye kijana anayemvutia mivukuto na kujifunza kazi. Akisema hana, mwombeni awapokee wanafunzi wawili au watatu wakati wa likizo, kwa idhini ya wazazi wao.