Mnamgombania Simin, Razieh Mmemsahau



Kila nikikaa na wanawake walioiona A Separation, ugomvi ni ule ule: Simin kakosea kutaka kuhama nchi, au Nader ndiye mkaidi? Na wapo mashangazi wanaosema bi harusi asioneshwe, ati filamu ya talaka ina nuksi. Mie nawapinga wote.

Filamu hii ya Asghar Farhadi wa Iran ilitoka 2011, ikachukua Dubu wa Dhahabu Berlin, na 2012 ikapata Oscar. Kastahiki. Lakini moyo wake uko kwa Razieh, aliyeajiriwa kumtunza baba yake Nader, mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Razieh ana mimba, mumewe ana madeni na wala hajui kama mkewe anafanya kazi hiyo. Mzee anapojikojolea, anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Wengine hucheka hapo. Mnacheka nini?

Baadaye mimba inatoka, Nader anashitakiwa kwa kumsukuma mlangoni. Siku ya kulipana fidia, wadai wa mumewe wamekaa wanangoja, Nader anamwambia: apa kwa Msahafu kuwa ni mimi. Razieh ana shaka, kwa sababu jana yake aligongwa na gari. Anakataa kuapa. Pesa zinakwenda, mumewe anajipiga makofi kwa uchungu. Mie nililia.

Ila Farhadi hakunifurahisha kwa mambo mawili. Ile ajali katuficha: tunamwona Razieh akimkimbilia mzee katikati ya magari, mara picha inakatika. Huo ni ujanja wa kututegea tu. Na Simin kamdhulumu zaidi. Hakimu anamuuliza ni hali gani hizo asizotaka mwanawe akulie ndani yake, naye hajibu. Najua Iran si kila kitu husemwa kwenye filamu. Lakini mke anayeomba talaka na sababu yake haisikiki, watu watamwita mkorofi tu, na ndivyo mnavyomwita.

Kwa hiyo bi harusi aione, tena ndoa ikishafungwa aione na mumewe. Wakifika pale kwenye Msahafu, aisimamishe kidogo, amuulize: ingekuwa sisi ndio tunaodaiwa, ungetaka niape?