Tahadhari: Usitume Jina la Mtu Kabla Hujajua Litasomwa Wapi

Ninyi mlioko Muscat, Riyadh na Dubai, ninyi mnaosubiri visa Mombasa na Tanga, na ninyi mlioko Minneapolis mnaoamini hakuna wa kuwafikia huko: kabla hamjatuma tena picha ya mtu yenye maneno "Huyu ni tapeli, sambaza mpaka imfikie", someni hapa kwanza. Mtindo wa kuanikana umeenea katika magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook na TikTok, na wa kwanza kufikishwa mahakamani anaweza kuwa yule aliyeandika, tapeli akabaki nyumbani kwake.

Tazameni tangazo lenyewe lilivyo. Juu kuna picha ya wakala wa ajira, pengine imekatwa kwenye picha ya harusi ya watu. Usoni amezungushiwa duara jekundu. Chini kuna jina lake kamili, namba yake ya simu na mtaa anaokaa, halafu yanafuata: mwizi, muuza watu, malaya. Hakuna risiti wala mkataba, hata tarehe ya tukio haipo. Aliyeandika yuko Jeddah, anayetajwa yuko Mombasa, na wasomaji wametapakaa nchi kumi. Lile neno "sambaza" wengi huliona dogo, lakini linampa wakili wa upande wa pili ushahidi wa bure kwamba mwandishi alikusudia jina la mtu liharibike mbali iwezekanavyo.

Watu wengi hudhani kosa huhesabiwa pale mtu alipokaa akiandika. Wenye magazeti makubwa walidhani hivyo pia. Mwaka 2000 kampuni ya Marekani, Dow Jones, ilichapisha kwenye toleo la mtandaoni la jarida lake la Barron's makala iliyomgusa mfanyabiashara wa Australia, Joseph Gutnick. Mitambo iliyohifadhi makala hiyo ilikuwa New Jersey. Gutnick alishtaki nyumbani kwake, jimbo la Victoria, na kampuni ikapinga, ikisema kesi ni ya Marekani kwa kuwa maneno yalitokea huko. Tarehe 10 Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Australia ikakataa hoja hiyo: madhara hutokea pale maneno yanapofunguliwa na kusomwa, na jina la mtu huharibika pale anapojulikana. Shauri lilimalizika mwaka 2004 kwa kampuni kukubali kulipa.

Miaka saba baada ya uamuzi ule, hata kampuni haikuhitajika tena. Ilitosha simu mkononi. Januari 2010 Lalit Modi, aliyekuwa akiongoza ligi ya kriketi ya India, aliandika Twitter kwamba Chris Cairns, mchezaji wa New Zealand, alikuwa ameuza mechi. Walioonyeshwa kuusoma ujumbe ule Uingereza walikuwa wachache mno. Hata hivyo Cairns alifungua kesi London, Modi akashindwa kuthibitisha alichokisema, na mwaka 2012 akaamriwa alipe fidia ya pauni 90,000. Zingatieni hilo la kuthibitisha. Katika mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza, zetu zikiwemo, mzigo wa kuonyesha kwamba maneno ni ya kweli humwangukia aliyeyasema.

Uingereza yenyewe ilibana mlango huo kwa sheria ya mwaka 2013, ikitaka madhara yawe makubwa na mahakama yake iwe ndiyo hasa inayofaa kwa kesi ya mtu wa nje. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2010, huzikataa hukumu za kashfa za kigeni zisizolinda uhuru wa kusema kama katiba yake inavyoulinda. Hapo ndipo jamaa zetu wa Minneapolis hupata kiburi. Sheria ile inakulinda dhidi ya hukumu ya nje inapoletwa mbele ya mahakama za Marekani. Haipandi ndege pamoja nawe.

Ndege zenyewe tunajua zinapitia wapi. Mwaka 2019 mwanamke mmoja raia wa Uingereza alitua Dubai akazuiwa kwa maneno ya matusi aliyoyaandika Facebook miaka kadhaa nyuma, akiwa kwao Uingereza, kuhusu mtu aliyekuwa akiishi Dubai. Aliyetukanwa alikuwa amekwenda polisi. Mwishowe mwanamke yule alitozwa faini ya dirhamu 3,000 akaruhusiwa kuondoka, lakini si kabla ya kukaa wiki kadhaa akisubiri na pasipoti ikiwa imeshikwa. Alikuwa na mawakili, na magazeti ya kwao yalipiga kelele kwa ajili yake. Dada yetu wa kazi za ndani atapigiwa kelele na nani?

Tena tangu Januari 2022 Falme za Kiarabu zina sheria mpya ya makosa ya mtandaoni, ambayo kwa tusi tu inaruhusu kifungo, au faini ya dirhamu 250,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Saudi Arabia, kwa sheria ya mwaka 2007, anayemharibia mtu jina kwa mtandao anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa hadi riyali 500,000. Kwa anayelipwa riyali 1,000 kwa mwezi, hiyo ni mishahara ya zaidi ya miaka 41. Oman, kwa sheria ya mwaka 2011, kifungo ni mwaka mmoja hadi mitatu, na kusambaza picha au habari za maisha ya faragha ya mtu ni kosa hata kama habari hizo ni za kweli. Kwa hiyo anayempiga picha madamu wake ndani ya nyumba akaituma ili dunia ione anavyoteswa, anaweza kuanza siku akiwa mlalamikaji na kuimaliza akiwa mshtakiwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu mateso yenyewe mara nyingi ni ya kweli.

Nyumbani nako si salama. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha habari anazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu, na adhabu huanzia shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa Februari 2017, lakini madai ya fidia yapo pale pale, na hukumu ya Tanzania, Uganda, Rwanda au Uingereza inaweza kusajiliwa Nairobi na kutekelezwa.

Wala msijifiche nyuma ya "imetumwa kama ilivyopokelewa". Anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeisema.

Sisemi mnyamaze. Aliyetapeliwa nauli au aliyenyang'anywa pasipoti ana haki ya kulalamika, na wanaopaswa kumsikia wapo: ubalozi, idara ya kazi ya nchi aliyopo, polisi, na taasisi za ajira kama TaESA Tanzania na NEA Kenya. Peleka huko mkataba, risiti na jumbe za simu. Ukitaka kuwaonya wenzako, eleza mbinu inavyofanyika, kiasi kinachoombwa na ahadi zinazotolewa, bila sura wala jina. Onyo la namna hiyo humsaidia hata atakayekutana na tapeli mwingine kabisa.

Na kama mchafuliwa jina ni wewe, usijibu tusi kwa tusi. Kesi yako hugeuka mbili. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha jina la mtumaji, tarehe na anwani ya ukurasa, kisha mwone wakili mapema, maana Kenya muda wa kufungua madai ya kashfa ni miezi 12 tu.

Uliyekwisha kutuma, futa leo, bakisha nakala ya kumwonyesha wakili wako, na usahihishe katika grupu lile lile ulimotuma. Ikiwa uliyemtaja anaishi Ghuba, tafuta wakili wa nchi hiyo akuangalizie kama kuna shauri lililofunguliwa. Visa na tiketi hazitakuambia. Fanya hivyo kabla hujalipia safari, hata kama Dubai au Doha ni pa kubadilishia ndege tu.