Fundi wa breki naye awe na namba yake



Mimi ni muuguzi hapa Perth, Australia. Simchomi mgonjwa sindano bila usajili, na nikimsimamia mwanafunzi, likitokea jambo, jina langu linaulizwa kabla ya lake. Nilidhani mambo haya ni ya hospitali tu. Kumbe jimbo hili la Australia Magharibi lina sheria ya mafundi magari ya mwaka 2003. Mwenye gereji awe na leseni ya biashara, na fundi awe na cheti chake mwenyewe kwa aina ya kazi anayofanya: wa breki ni breki, wa rangi ni rangi. Asiye na cheti hakatazwi kushika spana, ila anafanya chini ya usimamizi wa aliye nacho.

Hapo kwenye usimamizi ndipo ninapotaka tujadili. Kule nyumbani kelele ni kwamba mafundi wetu hawana ujuzi. Nakataa. Mdogo wangu ana miaka 14 gereji, alianza kwa kushika taa na kuosha vyuma kwa petroli, leo anasikiliza injini na kukwambia ubovu kabla hujafungua boneti. Lakini gari likitoka mikononi mwa fundi, breki zikagoma mteremko wa Kitonga, nani anaulizwa? Dereva, kama yuko hai. Fundi hajulikani, risiti hakuna.

VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka mitatu. Safi sana. Tatizo mteja hakiulizi hicho cheti, na tajiri wa gereji haoni sababu ya kumlipa zaidi aliye nacho. Kwa hiyo fundi anajiuliza, nauli na siku za kazi nipoteze kwa lipi?

Pendekezo langu: kila gereji, hata ya chini ya mwembe, iwe na walau fundi mmoja aliyepimwa, na kazi ya breki au usukani isitoke bila jina, saini na namba yake kwenye karatasi ya mteja. Vijana wengine waendelee kujifunza chini yake kama kawaida. Rangi na viti vingoje.

Najua mtasema huo ni ulaji mpya, vyeti vitauzwa. Hofu ya kweli kabisa. Ndiyo maana nasema apimwe kwenye gari bovu, mbele ya mafundi wenzake, si kwa karatasi ya maswali. Wala sisemi kila kitu cha wazungu tukiige. Uingereza fundi wa kawaida hadaiwi leseni yoyote na serikali, anayebanwa ni mkaguzi wa MOT.

Sisi tulioko nje tunawanunulia wazazi magari kutoka Japani, halafu matengenezo tunamwachia yeyote aliye karibu. Wenye gereji mlioko nyumbani, semeni: namba hiyo ingewaongezea wateja au mzigo?

Naomba kuwasilisha.