Kiwanja cha Ufukweni Kisipopimwa Kimo, Mtaji Uko Majini

Mfanyabiashara wa dagaa anayenunua kiwanja Ujiji kwa ajili ya ghala na vichanja hutazama mambo mawili katika ramani ya upimaji: ukubwa wa eneo na mawe ya mpaka. Jambo la tatu, ambalo kando ya Ziwa Tanganyika ndilo linaloamua kama mtaji utapona au utazama, mara nyingi halimo. Nalo ni kimo cha ardhi kutoka usawa wa maji.

Ziwa hili halina kawaida ya kutulia mahali pamoja. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, maji yalikuwa jirani na mji. Leo mnara wa kumbukumbu uko mbali na ufuko. Baada ya mto Lukuga kufunguka upande wa Kongo mnamo 1878, ziwa lilishuka takriban mita 10 katika miongo michache. Kisha mwaka 1964 likafurika. Kati ya 2020 na 2021 likapanda tena na kuathiri bandari ya Kigoma na mwalo wa Kibirizi, na mwaka 2024 Bujumbura na Uvira zikakumbwa na mafuriko.

Hesabu yake ni rahisi. Ufuko ukiwa tambarare, ukiinuka mita 1 kwa kila mita 50 za kwenda bara, maji yakipanda mita 2 yataingia ndani mita 100. Penye mteremko mkali, unaoinuka mita 1 kwa kila mita 2, maji hayohayo yataingia mita 4 tu. Katika ramani bapa viwanja hivi viwili vinaweza kufanana na kuuzwa bei moja, na benki ikavipokea vyote kuwa dhamana. Aidha, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ufuko ukisogea, anayedhani yuko salama anaweza kujikuta ndani ya eneo lililokatazwa.

Dawa yake ni ramani ya pande tatu. Nchi kavu, ndege ndogo isiyo na rubani hupiga picha nyingi zinazopandana, kompyuta ikazioanisha na kutoa sura ya ardhi pamoja na vimo vyake, mradi pawe na alama za chini zilizopimwa kwa usahihi. Majini, chombo cha mwangwi hutuma sauti hadi chini na kuhesabu muda wa kurudi. Penye kina kirefu kuliko pote katika ziwa hili, mita 1,470, safari hiyo huchukua karibu sekunde 2. Vyombo vya kisasa hutuma miali mingi kwa pamoja na kuchora sakafu kwa upana. Wabelgiji walipima kina cha ziwa hili mwaka 1946 na 1947 kwa vyombo vya wakati huo. Bandarini na kwenye mialo, ambako mchanga na tope huhama, kipimo cha zamani hakimsaidii nahodha mwenye shehena ya saruji ya kwenda Kalemie.

Swali la kibiashara ni nani atakayefanya kazi hiyo. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na penye reli panahitajika maghala, yadi na gati. Vijana wa Kigoma wasipojifunza, wapimaji watatoka mbali, na fedha itarudi nao walikotoka.

Wapo watakaosema elimu hii ni ya wazungu na matajiri. Zanzibar imekwisha kuwajibu. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege za aina hiyo, na miongoni mwa waliozirusha walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Bara kuna Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, miji ambayo yote iko kwenye Reli ya Kati inayoishia Kigoma. Programu za kompyuta kama QGIS na OpenDroneMap hazilipiwi.

Hata hivyo, tahadhari ipo. Kurusha ndege kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na picha nzuri haigeuki hati: mipaka ya kisheria bado hupimwa chini ya mpimaji aliyesajiliwa. Anayekimbilia kununua ndege kabla ya kujifunza kuoanisha picha na kukagua vimo atakuwa amenunua kifaa cha kupigia picha za harusi.

Njia ya busara ni vyama vya ushirika na wenye maboti kuchangia ada ya vijana wawili au watatu, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi, na vifaa kukodiwa kwanza. Benki nazo zidai vimo kabla ya kupokea dhamana ya ufukweni. Kwa mnunuzi wa leo, ushauri ni mfupi: kabla ya kulipa, mpima aonyeshe mstari wa maji ya 2021 umepita wapi katika kiwanja hicho. Asipoweza, bei ishuke au fedha ibaki mfukoni.