Kabla Hujarudi Chuoni, Waambie Nyumbani



Ukipita Maili Moja pale Kibaha asubuhi za wiki hizi, utawaona tu. Begi kubwa, ndoo mpya, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Wanasubiri mabasi ya Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya. Wa Kisarawe siku hizi wengine wanateremka hadi Pugu kupanda treni ya SGR. Pembeni kuna mama aliyemsindikiza mwanae, na maneno yake ni yale yale kila mwaka: mwanangu, kasome, usitusahau.

Makala za kuwatia moyo wanafunzi wanaorudi vyuoni kwa kawaida husema panga muda wako, chagua marafiki wema, sali, usikate tamaa. Sina ugomvi nazo, nami nimezisoma nyingi. Ila likizo hii, nikiwa kwenye uchungaji katika parokia moja wilayani Kisarawe, nilikutana na jambo ambalo makala hizo haziligusi.

Kijana mmoja alinifuata baada ya mazoezi ya kwaya. Amenikubalia niandike habari yake bila kumtaja. Jumuiya yao ilikuwa imesali kumshukuru Mungu kwamba anaingia mwaka wa tatu. Ukweli ni kwamba hakuwa na chuo tena. Alikuwa na sapu tatu, akazirudia, akafeli mbili, akala disko. Tangu hapo miezi kumi na moja ilikuwa imepita. Alikuwa anaishi chumba kimoja na wenzake karibu na chuo, akipokea fedha kutoka nyumbani kila mwezi. Baba yake alishauza kipande cha shamba la mikorosho. Na sasa alikuwa anapanga begi ili "arudi" chuoni na wengine.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu: "Frateri, siku ya kwanza nilishindwa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana."

Nilinyamaza, kwa sababu namjua mtu wa namna hiyo. Ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa nilianguka somo la Mantiki. Mama alipopiga simu nilimwambia masomo yanakwenda vizuri. Seminarini simu zina saa zake, nami nikaitumia kanuni hiyo kujificha karibu muhula mzima. Nilisali sana kipindi kile, lakini nikikumbuka vizuri, nilikuwa nasali ili nisigundulike.

Tunamheshimu Mtakatifu Agustino kama Mwalimu wa Kanisa, na Mwanza kuna chuo kikuu chenye jina lake. Tunasahau kwamba alikuwa mwanafunzi wa ada za kuungaunga. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri. Agustino alipokuwa na miaka 16 ilibidi akae nyumbani Tagaste mwaka mzima, baba akitafuta fedha za kumpeleka Karthago. Mwaka huo wa kukaa bure ndio alioiba mapeari na wenzake. Baba alifariki kijana akiwa na miaka kama 17, na mwenyeji mmoja wa mji wao, Romaniano, akasaidia gharama. Tuseme Romaniano ndiye aliyekuwa Bodi ya Mikopo yake.

Lakini kinachonigusa zaidi kilitokea baadaye, mwaka 383, akiwa tayari mwalimu. Alitaka kuhamia Roma, kwa sehemu kwa sababu wanafunzi wa Karthago walikuwa watundu kupita kiasi. Mama yake, Monika, akamfuata hadi pwani asimwachie aende. Agustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayesubiri upepo. Monika akalala katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani akisali, na usiku huo mwanae akapanda meli. Alipofika Roma aliugua karibu kufa, mbali na mama yake. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, alikiandika kisa hicho mwenyewe ili kila mtu akisome. Angeweza kukiruka, nani angejua?

Najua utakachosema, ndugu mwanafunzi. "Mzee ana presha, nikimwambia nitamuua." Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau. Mwambie mama kwanza, au shangazi, au mjomba anayesikilizwa. Omba katekista au paroko awepo. Lakini piga hesabu pia ya kimya chako. Kwa anayesoma kwa mkopo, Bodi huangalia matokeo kabla ya kuendelea kumpa. Bumu likikatika, ada na chakula vyote vinahamia kwa mzee huyo huyo mwenye presha, naye anauza shamba bila kujua analipia nini. Ana haki ya kujua mapema, angali na kitu mkononi cha kuamua.

Kama una sapu moja tu, sema ni moja. Kama kozi imekuelemea, mwone mwalimu wako wiki ya kwanza, usingoje ya kumi na nne. Kama mko chuo chenye TMCS, viongozi wake na padre mlezi wapo kwa ajili ya mambo kama haya pia, wala si kwa ajili ya Misa ya ufunguzi na fulana peke yake.

Nanyi wazazi wetu, naomba niseme moja kwa heshima. Kila mnapotuambia mtoto wa jirani kamaliza, kapata kazi, kajenga, mnatufundisha habari zipi mngependa kuzisikia. Nasi tunajifunza haraka.

Kijana yule nilimwambia nitamsindikiza akitaka. Akasema ataingia peke yake, mimi nisubiri njiani chini ya mwembe. Nilisubiri zaidi ya saa moja. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Baba yake hakumsemesha siku mbili. Ya tatu asubuhi alimkuta shambani, akauliza neno moja: "Sasa?" Wakaanza kuzungumza. Kwa sasa anatafuta chuo cha stashahada atakachoweza kumudu, na jioni anamsaidia baba yake. Shamba lililouzwa halijarudi, na mama bado hana raha.

Begi lake alilifungua akatoa nguo. Ndoo mpya wanachotea maji.

Mimi narudi darasani Jumatatu. Mantiki nilirudia nikafaulu kwa alama za katikati, na mama anazijua. Tuombeane.